Makopo ya Dada Mkubwa

9 Januari

Dada Mkubwa,

Shikamoo, ipokee hapohapo ulipo, hata kama mikono ina sabuni. Sisi tupo. Wifi yako hajambo, ila lile duka la vitambaa linamweka kutwa amesimama na magoti yanamlalamikia. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Anamsalimu shangazi yake akiwa amefunga mdomo. Mimi niko vilevile: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwenye mashine ya kusafisha damu, siku zilizobaki karakanani na mizani za watu.

Kifurushi kimefika. Soksi zimenitosha. Kopo la vidonge vya mifupa nalo limefika, sasa ni la tisa, na nimeliweka mezani pale ilipokuwa ikikaa chumvi kabla sijakatazwa. Nameza viwili asubuhi na viwili jioni kama ulivyoagiza. Mifupa ya miguu imetulia kidogo, au nimeizoea, sijui.

Uliuliza kwa nini sipokei simu. Simu yangu imekufa maiki. Mimi nakusikia, wewe hunisikii. Fundi anasema kifaa chake hakipatikani, kwa hiyo tuandikiane kama zamani ulipokuwa bweni.

Kilichonikalisha kuandika ni hiki. Kule kitengoni tunapimwa uzito tukiingia na tukitoka, wajue mashine itoe maji kiasi gani, maana figo zangu hazitoi mkojo tena na ninachokunywa kinabaki mwilini. Sasa siku hizi nahema. Benki pale wana ngazi nne; nafika ya pili nasimama, najifanya nasoma tangazo. Muuguzi mkuu, tunamwita Sista Saa kwa kuwa hachelewi wala hasamehi, ameshakata shauri kwamba nakunywa maji kwa siri. Kila wiki anaamuru nikamuliwe zaidi, na presha inaanguka nikiwa kitini. Dada, nakunywa vikombe viwili kwa siku, na ni vile vidogo. Kwa hiyo nimeona mbovu ni mizani yao. Miaka ishirini na mbili natengeneza mizani, leo mizani inanisingizia.

Mdogo wako,
Ratili


2 Februari

Ratili,

Marahaba, tena ya mikono mikavu, nimepata nusu saa Bibi akiwa amesinzia. Bibi ninayemtunza hajambo. Ana miaka themanini na tisa na bado ananiita jina la mfanyakazi aliyenitangulia, nami naitika, yaishe. Juzi kateleza bafuni, kaenda chini puu, nikajua nyonga imekwenda. Haikuvunjika hata ukucha. Daktari wake akasema ni vile vidonge vya kalsiamu, anavimeza mwaka wa sita huu. Ndivyo hivyohivyo ninavyokutumia wewe, duka lilelile, kopo lenye kifuniko cha bluu. Nikawa navipanga kwenye kisanduku chake cha siku saba, nikasema moyoni, na mdogo wangu naye hatavunjika.

Kopo la kumi nimelizungushia fulana lisigongwe njiani. Mkono mtupu haulambwi, Mama alikuwa akisema, na mimi nikiwa mbali kiasi hiki siwezi kukutumia karatasi peke yake.

Sasa hayo maji. Usinichezee shere. Ni wewe uliyekuwa unakunywa maji ya kuogea ukiwa na miaka mitano. Mimi ndiye niliyekubeba siku ya tatu baada ya kuzaliwa mpaka dukani, ukapimwa kwenye mizani ya sukari na muuza duka akacheka akasema hii ni ratili, si mtoto. Nakujua tangu hujajijua. Kama unakunywa, sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nilimpigia wifi, akasema umelala. Nikapiga tena baada ya siku mbili, umelala. Saa tano asubuhi mwanamume mzima amelala?

Vidonge usiruke.

Dada yako


27 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Kopo la kumi nimelipokea, fulana pia, binti ameichukua na inamfika magotini. Wifi yako anakusalimu. Kulala kwangu asubuhi kusikutie wasiwasi, mashine inachosha.

Mizani nimeipima. Niliomba ruhusa kwa Sista Saa, akanitazama kama nimeomba kumpima yeye, kisha akasema lete hayo mawe yako ya mizani. Nikabeba yale matatu ya kilo ishirini, yenye muhuri wa vipimo, mpaka getini kwa gari la rafiki. Kutoka getini nilishindwa. Mlinzi akayapakia kwenye kiti cha magurudumu na kuyasukuma, mgonjwa nikifuata nyuma kwa miguu. Watu kwenye foleni walituangalia.

Nikaweka jiwe la kwanza, ikasoma ishirini. La pili, arobaini. La tatu, sitini kamili. Nikayahamisha pembe zote nne za sahani, maana mizani nyingi hudanganya pembeni. Sitini, sitini, sitini, sitini. Ni mizani nzima kuliko nyingi ninazozitengeneza. Nilisimama pale mikono ikining'inia. Nilikuwa nimetamani sana ikosee.

Sista Saa hakunicheka. Akasema, "Umekuja kunitetea mimi kwa mikono yako mwenyewe. Mtu anayefanya hivyo labda hata kwenye maji hasemi uongo." Akamwita daktari. Daktari akaweka chombo chake kifuani kwangu, akasikiliza muda mrefu, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Akasema moyo una kelele kidogo. Nitapigwa picha ya moyo mwezi wa nne, foleni ni ndefu.

Ni kelele tu. Mzee mmoja wa kiti cha pili anayo mwaka wa nane.

Ratili


20 Machi

Ratili,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku kumi na mbili, nimegombana na karani mpaka akaniita mama. Bibi anasumbuliwa na kikohozi. Mimi mgongo tu, ndio ukubwa huo.

Kelele kidogo. Nimeisoma hiyo "kidogo" mara kadhaa. Tangu utotoni ukisema kidogo nilikuwa najua nitafute bandeji.

Wala sitaki kubishana na madaktari, lakini mtu akiwa dhaifu mwili wote unalegea, na moyo nao ni kiungo. Nimemuuliza muuza dawa, akanipa aina yenye nguvu zaidi, imeongezwa vitamini D. Nimekutumia mawili kwa mpigo, la kumi na moja na la kumi na mbili. Anza nayo hata kama la zamani halijaisha.

Binti alimwandikia shangazi yake kwa siri, chini ya bahasha yako. Anasema ulianguka karakanani na kuna damu ilitoka kwenye paji la uso. Nini hicho?

Dada yako


15 Aprili

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Wifi yako amehamishiwa upande wa vifungo dukani, sasa anakaa, magoti yamepumzika. Binti nimemwambia aache kutangaza. Sikuanguka, nilikaa chini ghafla, na kona ya meza ikawa karibu.

Picha ya moyo imepigwa. Nilimwomba anayepiga aigeuze skrini nione. Moyo una milango inayoruhusu damu itoke isirudi, wanaiita vali. Ule mlango wa kupeleka damu mwilini ni vipande vitatu vya ngozi laini, vinatakiwa kupepea. Vyangu ni vyeupe na havipepei, vinatikisika tu. Vimeshika chokaa. Ndiyo maana nahema na ndiyo maana presha inaanguka. Moyo unasukuma na mlango haufunguki. Tundu lililobaki ni jembamba kama penseli. Daktari wa moyo akatueleza mimi na wifi yako kwamba hili linawapata wengi wa viti vyetu. Figo zikifa, madini mwilini yanakosa wa kuyasimamia, na chokaa ambayo kazi yake ni mifupa inakwenda kukaa kwenye mishipa na kwenye vali.

Akauliza kama kuna kitu chochote nilikuwa natumia nje ya dawa za kliniki. Wifi yako akatazama dirishani. Nilimjibu.

Watazungumza juu ya upasuaji. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Sina hofu, usifikirie hivyo. Sina kitu chochote. Nilirudi karakanani nikamaliza mizani ya muuza nyama na ilikuwa sahihi.

Makopo mawili yamefika. Kwa sasa usitume mengine, Dada. Rafu imejaa.

Ratili


8 Mei

Ratili,

Marahaba. Bibi amepona kikohozi, sasa anataka kwenda kumtembelea mumewe, aliyekufa miaka kumi na tisa iliyopita. Kila asubuhi namvalisha koti, tunakwenda mpaka mlangoni, anasahau, tunarudi.

Rafu imejaa. Maneno hayo nimekaa nayo. Rafu inajaa kwa sababu mtu hali. Nimekaa hapa nafunga makopo na fulana, kumbe huko yanapangwa kama mapambo? Kama vidonge vinakuumiza tumbo, niambie, kuna vya kutafuna. Na la kumi na tatu lilishatoka kabla barua yako haijafika, basi ulipishe nafasi.

Chokaa kwenye moyo sikuwahi kusikia. Alhamisi daktari wa Bibi anakuja nyumbani kumpima. Ni mtu mwema, hujibu hata maswali ya mfanyakazi. Nitamuuliza kama nikuongezee dozi, labda viwe vitatu vitatu.

Dada yako


12 Mei

Ratili,

Acha vile vidonge. Usimeze hata kimoja. Kilichobaki kitupwe, mtoto asikiguse.

Sina zaidi.

Dada


12 Juni

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaandika, na mtu anayesema hana zaidi huwa anacho. Wifi yako anasema ukipiga unauliza tu, "Amemeza?" halafu unakata. Kwa hiyo najua umeambiwa, na nitakuandikia yote.

Vidonge niliviacha siku ileile ya picha. Nilimwambia daktari wa moyo, mwezi mzima kabla yako. Alivisoma kwenye kopo, akauliza kwa muda gani, nikasema karibu mwaka mzima. Akasema mtu wa figo zilizokufa hatakiwi kumeza kalsiamu bila wao kuipima kwanza, kwa sababu haina pa kutokea. Sikukuambia. Nilitaka usijue kabisa, na kama ningekufa nayo ingekuwa vizuri tu. Rafuni kuna la kumi, limefika nusu, na matatu ambayo sijayafungua.

Sasa sikiliza, nimemnukuu mwenyewe. Alisema vidonge havikuanzisha. Vali kama yangu inachukua miaka kufika pale, ilianza figo zilipokufa au kabla. Akasema pia havikusaidia, vimeongeza. Nikamuuliza vimeongeza kiasi gani. Akasema hajui na hakuna atakayejua. Nilimuuliza mara tatu, Dada. Mimi mtu wa vipimo nilitaka gramu. Akasema hakuna mizani ya hiyo.

Na kosa langu ni hili. Kila mwezi Sista Saa anatuambia tulete mfuko wenye kila tunachomeza, aukague. Nilipeleka mfuko kila mwezi. Kopo lako sikuwahi kulitia, kwa sababu mfuko ulikuwa wa dawa na lile lilikuwa la Dada. Sikuficha. Halikunijia tu kichwani kwamba kitu kilichotoka kwako kinahitaji kukaguliwa.

Wanataka kufungua kifua waweke vali nyingine. Ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote. Ya mnyama nayo inaweza kushika chokaa mapema kwa mtu kama mimi. Nimechagua ya mnyama. Watu wa figo hawatoki wote kwenye chumba kile, nimeambiwa bila kuzungushwa. Nikikaa hivihivi ni mwaka, labda miwili, na kila mwezi nitapungukiwa ngazi moja. Tarehe wamenipa, 28 Agosti, lakini fomu ilikuwa imelala mezani kwangu wiki sita. Ina mstari unaosema: taja dawa na vidonge vyote ulivyowahi kutumia. Sikutaka kuujaza. Jana nimeujaza. Nimeandika jina la vidonge. Sikuandika vimetoka kwa nani, hawakuuliza.

Naandika haya yote macho makavu. Wifi yako ndiye anayelia, jikoni, na maji ya bomba ameyafungulia tusimsikie.

Ratili


3 Julai

Ratili,

Marahaba.

Nilimuuliza daktari wa Bibi kama viwe vitatu vitatu. Akaniuliza, "Figo zake nzima?" Nikasema zimekufa mwaka wa tano huu, anasafishwa damu. Akaweka kalamu chini. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa afadhali. Akanieleza polepole kama unavyomweleza mtoto, kwamba kinachomshika Bibi mifupa ndicho kinachokwenda kwako kikakaa pabaya.

Sikulia. Nilingoja kilio, hakikuja. Nilimwogesha Bibi, nikamkata kucha, nikampangia vidonge vyake vya wiki. Kumi na vinne. Nilivishika kimoja kimoja. Miezi kumi na tatu nimekuwa nakutumia chokaa kwa posta, naizungushia fulana isivunjike. Wewe unapokea, unasema asante, unameza. Ulikuwa hivyohivyo ukiwa mtoto. Nilikuwa nakulisha uji wa moto nawe unafungua mdomo tu, ukiungua hunisemi.

Ukiniambia havikuanzisha, usidhani nalala. Lakini hiyo sentensi nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo, na nitaendelea kuisoma.

Nimekasirika pia. Nimekasirika kwamba ulijua mwezi mzima ukaniacha niseme nitakuongezea. Ulikuwa unanilinda, najua. Usinilinde tena. Mimi ndiye mkubwa.

Nimeomba ruhusa. Bibi atakaa na mpwa wake. Nimemfundisha mambo ya koti na mlango. Nitafika tarehe 24 Agosti. Safari hii nakuja na mkono mtupu. Sitaleta soksi, sitaleta kopo, sitaleta hata peremende za binti. Mkono mtupu haulambwi, basi usiulambe. Utaushika tu, siku ile, mpaka watakaponiambia niuachie.

Jambo moja. Fundi gani huyo wa simu anashindwa na maiki miezi saba? Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimehesabu.

Dada yako


24 Julai

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Wifi yako ametandika kitanda chako mwezi mzima kabla, na kila siku anakitandua na kukitandika upya. Jino la binti limeota, limekaa upande kidogo, na sasa anacheka na kila mtu. Fomu nilitia saini wiki ileile niliyoijaza. Sista Saa alisimama pembeni nikitia saini, akatazama saa yake, akasema nimechelewa wiki sita lakini amepokea.

Makopo nimempelekea yeye, atayafikisha kwa mfamasia yakaharibiwe. Kabla sijayatoa niliyapima, ni mazoea. Lile la kumi lilikuwa jepesi. Yale matatu yalilingana mpaka gramu. Nikakaa nayo mapajani muda kidogo, kisha nikayafunga na ile fulana, maana binti ameshaichoka.

Simu yangu haijaharibika, Dada. Haijawahi. Mwezi wa kumi na mbili ulipopiga mara ya mwisho, nilikuwa nimetoka tu uani, na nilipotaka kusema "shikamoo" ikanitoka nusu. Nikakata. Nilijua ukinisikia ninavyohema utaacha kazi na kupanda basi siku hiyohiyo, au utanyamaza, na kimya chako mimi sikiwezi. Barua haihemi. Wifi yako nilimwambia aseme nimelala, na mambo ya uongo hayawezi, ndiyo maana alikuwa anakuambia nimelala saa tano asubuhi.

Barua hii ikikuwahi kabla hujaondoka, piga. Piga mchana, nakuwa karakanani, nimekaa. Nitapokea mwenyewe. Nikikawia kusema, usikate. Nakuwa navuta pumzi.

Ratili